Kitabu Alichoniazima Mtani

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mke wangu husema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Kwa hiyo mkisikia kwamba nilikwenda kwa mjumbe wa mtaa kumshtaki jirani yangu kuwa amemla mbwa wangu, msishangae sana. Mshangae kwamba siku ile nilikuwa na uhakika, na ushahidi niliuandika kwenye daftari.

Jirani mwenyewe ni fundi cherehani, Mhehe wa Iringa, mgane, anaishi peke yake ng'ambo ya uzio wetu wa michongoma hapa Lizaboni. Mimi ni Mngoni, nina duka la vipuri vya baiskeli upande wa pili wa barabara, linatazamana na baraza anayoshonea. Wazee wetu na wazee wao walipigana mpaka wakachoka, wakabaki watani, na sisi tumeurithi utani huo kama wengine wanavyorithi shamba. Kwa miaka kumi na tisa alinisalimia vilevile kila asubuhi: "Kamwene, mla panya. Leo umewabakiza wangapi?" Nami namjibu: "Wapo wa kutosha. Wewe vipi, mla mbwa, mbona umekonda, mtaani wameisha?" Basi, siku imeanza. Asipokuja kunitukana, hata chai hainipiti vizuri.

Mgeni wa mambo haya aelewe kitu kimoja. Hayo ya Wahehe kula mbwa ni maneno ya watani tu, tuliyakuta na tutayaacha, hayana shahidi wala mchuzi. Na utani una sheria yake. Unaweza kumnyang'anya mtani wako jogoo akikutazama. Unaweza kuingia kwenye kaburi la baba yake kabla jeneza halijashuka na kugoma kutoka mpaka akupoze kwa pesa. Sema lolote, ila usimaanishe. Ukimaanisha, umeshatoka kwenye utani, na huko nje kuna baridi.

Mbwa wangu ni wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Sikuwahi kumpa jina. Nilimwokota nyuma ya soko akiwa kijibwa cha kubebeka kwa mkono mmoja, nikampigia mluzi, mfupi halafu mrefu, akaja. Tangu hapo mluzi ndilo jina lake. Akiusikia wakati anakula, anaacha chakula. Akiusikia usingizini, miguu inaamka kabla ya macho. Sijawahi kupendwa hivyo na kiumbe mwingine, na nasema hivi mke wangu akiwa chumba cha pili.

Sasa kitabu. Mtani wangu ni msomaji. Chini ya meza ya cherehani ana boksi la vitabu vya upelelezi vilivyochakaa, anasoma wakati anasubiri pasi ya mkaa ipate moto. Mwanzoni mwa Kwaresima alivuka barabara na kimoja, hakina jalada, kimeshonwa mgongoni kwa uzi wa cherehani, akakitupa juu ya kaunta yangu.

"Soma hiki, mla panya. Kina mbwa ndani. Mimi nimekisoma njaa ikiniuma."

Jamani, kile kitabu. Kinamhusu askari mstaafu anayemtafuta aliyemuua dada yake, na nyuma yake liko jibwa lake jeusi, halimwachi hata nukta. Humo hakuna kupumua. Ukurasa wa tatu maiti, wa saba moto, wa kumi na mbili wanarukia lori linalokwenda. Sura inaishia mtu ameshika kitasa cha mlango, na wewe unajua kilichoko ndani, na yeye hajui, na jibwa linajua. Mwandishi hakupi nafasi hata ya kujikuna. Mteja aliniomba tyubu nikampa mnyororo. Mara mbili nilipiga kelele dukani kulionya jibwa la kwenye karatasi, na mama aliyekuwa akipita na ndoo akaniuliza kama naumwa.

Mtani alikuwa anaona. Aliniuliza akiwa upande wake wa barabara, "Umefika wapi?"

"Bandarini."

"Ah, bado hujalia."

"Muuaji ni nani?"

"Mbwa," alijibu, akaweka uzi kwenye sindano. Kila nilipouliza jibu lilikuwa hilo hilo, na tulicheka kila siku kama mara ya kwanza.

Lakini kitabu cha namna ile kinakufundisha tabia mbaya. Yule askari alikuwa na daftari la dalili, na kauli moja aliyoirudia kila sura: tazama kilichopungua. Nami nikaanza kutazama. Nikamwuliza mke wangu kwa nini sukari imepungua. Akasema, "Kwa sababu unaikoroga kwenye chai, baba watoto." Nikatazama nani anapita mbele ya duka mara mbili, nani kabadilisha njia ya kwenda kisimani. Nilichukua daftari la zamani la shule la binti yangu, nikaandika kwenye kurasa za nyuma. Nikiri kwamba nilifurahi. Mtaa niliouzoea ulikuwa umepata siri.

Wiki ya tatu ya Kwaresima tukapata msiba Mpitimbi, mjomba wa mke wangu. Tulitoka Jumatatu asubuhi, mvua imenyesha, barabara tope tupu. Nikamwomba mtani atuangalizie nyumba na kumtupia mbwa mabaki.

"Unamwachia fisi mbuzi," alisema.

"Nimemhesabu mbavu," nikamjibu, nikapanda gari.

Kule matangani nilikaa na wanaume, kitabu kimefichwa ndani ya koti, nikienda nyuma ya ghala kusoma kurasa mbili mbili kama mvulana anayevuta sigara. Ndipo nikafika sura ya kumi na mbili. Jibwa limepotea. Askari analitafuta mji mzima, halafu anakaa, anafungua daftari, na polepole, dalili moja baada ya nyingine, zote zinaelekea kwa rafiki yake mkubwa, daktari, yule aliyekuwa akilirushia mifupa kila jioni. Nilifunga kitabu. Nilifikiria nyumbani.

Tulirudi Alhamisi mchana na gunia la mahindi mabichi, nusu yake zawadi ya mtani. Mbwa hakuwepo getini. Nikapiga mluzi, mfupi halafu mrefu. Kimya. Nikapiga tena.

Mtani akatokeza kichwa juu ya michongoma, sura ya haraka. "Karibuni, poleni na msiba. Mtani, acha mluzi huo, unanitoboa masikio."

"Mbwa wangu yuko wapi?"

Akanitazama kidogo, halafu akajipapasa tumbo. "Alikuwa mtamu. Nimekubakizia mkia."

Nilicheka. Naapa nilicheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Lakini kicheko kilifika nusu ya njia kikakaa. Nikasema lazima atakuwa anazurura, atarudi jioni. Hakurudi. Yale mahindi ya zawadi sikuyapeleka. Niliyaacha kwenye gunia, nikajiambia kesho.

Ijumaa asubuhi nilizunguka mtaa wote nikipiga mluzi, mpaka njia panda ya chini na kurudi. Nilipofika karibu na uzio, mtani akatoka mbio, miguu peku. "Nimekuomba, mtani. Mluzi huo acha. Kwa wiki hii tu."

"Kwa nini wiki hii tu?"

"Kwa sababu nimekuomba."

Angalieni jibu hilo. Mtu asiye na kitu anaogopa mluzi kwa nini? Nikaingia ndani, nikafungua daftari, nikaandika: *Anaogopa mluzi.* Halafu nikakaa dukani kumtazama siku nzima, sikuuza kitu. Na nilipotazama kilichopungua, nikakiona. Rula yake haikuwepo. Ile ilikuwa rula ya mninga, ndefu ya kupimia vitambaa, aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha kazi Iringa. Hakuna aliyewahi kuishika ila yeye. Watoto walijua kwamba kuigusa rula ya fundi ni kutafuta kofi. Na sasa alikuwa anapima suruali ya shule kwa utepe wa plastiki, anaufuata kwa kidole, anakosea, anarudia. Nikaandika: *Rula. Ameitupa? Ilikuwa na nini?*

Saa sita nilikwenda kutupa taka kwenye shimo letu la pamoja. Juu ya maganda ya ndizi palikuwa na vipande vya kitambaa cha kaki, vimekatwa virefu kama bendeji, na vina damu iliyokauka. Nilisimama pale na ndoo mkononi, na nakiri, sehemu yangu moja ilikuwa inaumia kwa ajili ya mbwa, na sehemu nyingine ilikuwa inafungua ukurasa.

Halafu ikaja harufu. Nyama inachemka, kutoka jikoni kwake. Ijumaa, Kwaresima! Mtani wangu ni Mkatoliki wa kupiga magoti, Ijumaa za Kwaresima hata dagaa anawatazama kwa mashaka. Na ni mtu mmoja, ila kwenye dirisha niliona sufuria kubwa, ile ya shughuli.

Nikamwita mke wangu aje anuse. Akanusa. "Ni mifupa," alisema. "Supu."

"Ya nini?"

"Mimi nitajuaje? Kamwulize."

"Nimemwuliza. Amesema alikuwa mtamu."

"Baba watoto, huyo mtu ni mtani wako."

"Daktari pia alikuwa rafiki."

"Daktari gani?"

Ningemweleza nini, kwamba nimepata ushahidi sura ya kumi na mbili?

Jumamosi asubuhi nilivaa shati la kanisani, nikachukua daftari, nikaenda kwa mjumbe. Mjumbe wetu ni mama mtu mzima, Mmatengo, nilimkuta akichambua maharage kwenye ungo. Nikampa shikamoo, nikaketi, nikamsomea dalili zote nne: mluzi, rula, kaki yenye damu, nyama ya Ijumaa. Nilisoma vizuri, nadhani, kwa mpangilio. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Fundi ni mtani wako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nikuulize, unijibu taratibu. Hili ni la utani au la kweli? La utani siliandiki. Nitacheka, utakwenda zako nyumbani. La kweli nitaliandika, na tutakwenda kwake na watu."

Alinipa mlango, yule mama, mpana wa kupita na gunia. Ningeweza kucheka. Lakini hasira ilikuwa imenipanda, na chini ya hasira kulikuwa na ile raha ya kitabu, ya mtu anayekaribia ukurasa ambao kila kitu kitafunuliwa.

"La kweli," nilisema. "Andika."

Akaandika.

Tulikwenda wanne, mimi, mjumbe na majirani wawili wanaume. Mtani alikuwa barazani akipiga pasi sketi ya shule. Alipotuona akatabasamu, akamwamkia mjumbe.

"Fundi," mjumbe alisema, "tuna shauri. Jirani yako anasema umemla mbwa wake."

Mtani aliangua kicheko. Alicheka kweli, mpaka akashika meza. Halafu akanigeukia mimi, macho bado yana maji, akingoja. Nilijua anachongoja. Zamu yangu ilikuwa imefika, ya kusema neno baya zaidi, tucheke wote twende. Mimi nikalikumbatia daftari kifuani.

Kicheko chake kilikwisha kidogo kidogo. Akaweka pasi juu ya kigae chake.

"Umeandikisha?" aliniuliza.

"Nimeandikisha."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepimiwa nguo akaambiwa namba. Akafungua mlango wa ndani. "Pitieni. Ila nakuomba kitu kimoja tu, usipige mluzi."

Chumba cha nyuma kilikuwa na giza kidogo, kinanuka dawa na supu. Mbwa wangu alikuwa amelala kwenye gunia lililokunjwa mara nne. Mguu wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa vipande vya kaki kuanzia pajani, na ndani ya kaki, pande zote mbili za mguu, kulikuwa na mbao mbili nyembamba za mninga. Namba za inchi zilionekana. Upande mmoja ulianzia moja, upande wa pili ulianzia kumi na tisa. Alikuwa ameikata rula yake kwa msumeno katikati.

Mbwa alijua hatua zangu. Akainua kichwa, sikio lile moja likasimama, akaanza kujivuta kuinuka, na mtani akapiga magoti haraka akamweka kiganja kifuani. "Tulia, baba. Tulia. Amekuja, umemwona, sasa tulia." Mbwa akalia kwa sauti ndogo, mkia unapiga gunia. Akaniangalia mimi, akamlamba yeye mkono.

Mtani alieleza, lakini alimweleza mjumbe, si mimi. Siku ile tulipoondoka mbwa alilifuata gari letu. Yeye alimwona akitoka, akamfuata kwa baiskeli, akamkuta njia panda ya chini kagongwa na bodaboda, dereva hayupo. Akamfunga mgongoni kwa shuka kama mama anavyombeba mtoto, akaendesha naye mpaka Mjimwema kwa bwana mifugo. Bwana mifugo akamwunga, akasema wiki ya kwanza asisimame hata mara moja, akisimama mfupa utaachana na mguu utakatwa.

"Na huyu," alisema, mkono bado uko kifuani kwa mbwa, "akisikia mluzi wa bwana wake anasimama hata kama hana miguu. Juzi alipopiga mluzi nilimlalia mwili mzima. Ningemwambia mwenyewe, angetaka kumwona. Angemwona, mmeona wenyewe mbwa alivyotaka kuinuka. Nikasema nimzuie kwa utani mpaka Jumatatu. Utani hauumizi mtu. Nilidhani ananijua."

Mjumbe alifunga kitabu chake cha mashauri. Wale majirani wawili walitazama sakafu. Nilitaka kusema neno, na mimi si mtu wa kukosa maneno, lakini kila lililokuja lilikuwa la mtani, na nilikuwa nimeshaandikisha kwamba si utani.

Alitusindikiza hadi barazani. Akaona kitabu kimejitokeza mfukoni mwa koti langu, akakiangalia.

"Ungemaliza kwanza kitabu," alisema.

Nilikimaliza siku hiyo hiyo, nimekaa kwenye kreti nyuma ya duka. Yule daktari hakuwa na kosa. Alikuwa amelificha jibwa ili wauaji wasilipate, na askari alipojua, alikuwa ameshamfunga pingu mbele ya mkewe. Ni kitabu kizuri, sitakisema vibaya. Nililia alipotaka nilie, na palepale nikajua hakuna tena ng'ambo ya barabara mtu wa kumwambia kwamba nimelia.

Jumatatu alinikabidhi mbwa akiwa kwenye shuka. Nami nikampelekea jogoo, yule mkubwa, kwa sababu ndivyo tunavyofanya tukimkosea mtu. Mtani wako jogoo humpi, anakunyang'anya, anakimbia naye akikutukana. Yeye alimpokea kwa mikono miwili. Akasema, "Asante sana, mzee." Aliniita mzee, na amenizidi miaka miwili.

Mguu wa mbwa ulipona, anachechemea kidogo siku za mvua. Vile vipande viwili vya rula nilivisafisha nikavirudisha, akaviweka chini ya meza kwenye boksi la vitabu, akaendelea kupima kwa utepe. Mbwa haelewi kilichotokea. Kila siku anatoboa michongoma, anakwenda kulala chini ya cherehani, miguuni pa fundi, mpaka nipige mluzi. Nikipiga anakuja, anafika katikati ya barabara, anageuka kumtazama yule mwingine, kama anatungoja wote wawili.

Jana asubuhi nilijaribu. Nimekuwa nikijaribu tangu Pasaka, lakini jana nilijikaza, nikasimama mlangoni mwa duka, nikapaza sauti mtaa wote usikie.

"Kamwene, mla mbwa! Leo umekula nini?"

Aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Akaniinamishia kichwa, kwa heshima kabisa.

"Uji na viazi, mzee," alisema. "Tunamshukuru Mungu."